Nani Kamteremsha Mpiga Dramu?

Kulikuwa na wakati ambapo mwanamuziki wa nchi hii aliyetaka sauti yake ihifadhiwe alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha hodi. Mlango huo ulikuwa Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, kwenye jumba la Redio Tanzania. Kwa mtu wa Bukoba, kuufikia mlango ule kulitaka usiku mzima melini hadi Mwanza, kisha gari moshi la Reli ya Kati. Leo mlango huo uko Sinza, uko Mburahati, na uko hapa hapa Kashai, katika chumba cha kupanga chenye kitanda, kompyuta, na godoro lililosimamishwa dirishani kuzuia kelele za bodaboda.

Wengi hulisifu badiliko hili, nami ni mmoja wao. Lakini katika safari ya kutoka mlango ule mmoja hadi milango hii isiyohesabika, kuna abiria aliyeteremshwa njiani na hakuna aliyeuliza kosa lake. Abiria huyo ni mpiga dramu. Mazungumzo yetu ya wiki hii yanamhusu yeye.

Tuanze na mlango ule wa zamani. Redio yetu ilizaliwa mwaka 1951 ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD. Mpaka stesheni za binafsi zilipoanza kusikika mwaka 1994, ilikuwa ndiyo redio ya Tanzania Bara, na studio yake ndiyo iliyorekodi bendi: NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Jamhuri Jazz ya Tanga, na nyingine nyingi. Maneno ya wimbo yalipitiwa kwanza na wakubwa. Yakipita, bendi nzima iliingia chumba kimoja, mbele ya vipaza sauti vichache, ikapiga kwa pamoja mwanzo hadi mwisho. Mpuliza tarumbeta akikosea ubeti wa mwisho, wote walianza upya.

Hapo msomaji wangu kijana ataniuliza: sasa sauti zilichanganywa vipi? Zilichanganywa kwa miguu. Mwenye tarumbeta aliambiwa arudi nyuma, mwimbaji asogee mbele, mpiga tumba akae pembeni karibu na ukuta. Fundi mitambo alisikiliza, akawasogeza tena. Mkanda ukishaanza kuzunguka hapakuwa na la kufanya, maana sauti zote zilikwisha kumwagwa katika chungu kimoja, na chumvi iliyokwisha kuyeyuka haitolewi. Ndiyo maana nyimbo zile zina ile hali ya watu waliomo ndani ya chumba kimoja wakitazamana. Walikuwa wanatazamana kweli. Mpiga dramu ndiye aliyewashika wote mkono.

Ubaya wake nao ulikuwapo. RTD ilirekodi ili itangaze, haikuwa na duka la santuri. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka Mwinshehe, ambaye mauti yalimkuta kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Na aliyekuwa na muziki usiopendwa na wakubwa hakuwa na pa kwenda. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku jijini Dar es Salaam, ukiitwa uchafu wa kigeni. Vijana wenye magitaa ya umeme walitazamwa kwa jicho la pembeni. Hata hivyo walikuwapo. Bendi ya Sunburst ilipiga miaka ile ya 1970 muziki uliochanganya roki na midundo ya Kiafrika, na rekodi zao za 1973 hadi 1976 zilikusanywa zikatolewa upya mwaka 2016, na kampuni ya Ulaya. Ajabu yetu ndiyo hiyo: mali hutupwa hapa, huokotwa kwingine. Na tusisahau kwamba mmoja wa waimbaji wakubwa wa roki duniani, Freddie Mercury wa kundi la Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Kwa hiyo anayesema roki haituhusu aanze kwanza kubishana na cheti cha kuzaliwa.

Sasa twende nje kidogo, maana kilichomfikisha mpiga dramu hapo alipo kilianzia huko.

Wazungu walipata mapema mashine za kurekodi kila chombo kwenye njia yake. Gitaa lina njia yake, sauti ina njia yake, na ukikosea unarudia chako peke yako bila kuwasumbua wenzako. Kwa muda mrefu mashine hizo zilikuwa za matajiri. Kisha mwaka 1979 kampuni ya Tascam ya Japani ikatoa kimashine kiitwacho Portastudio, chenye njia nne, kinachotumia kaseti ile ile tuliyokuwa tukiisokota kwa kalamu ya Bic. Tarehe 3 Januari 1982, Mmarekani Bruce Springsteen alikaa chumbani kwake huko New Jersey na kimashine hicho akarekodi nyimbo zake kwa gitaa na kinanda cha mdomo. Alikusudia ziwe mfano wa kuifundishia bendi. Bendi ikazipiga, zikakosa uhai. Mwisho wake kaseti ile ya chumbani ndiyo iliyotolewa mwaka huo huo kama albamu, kwa jina la Nebraska. Hapo roki ilithibitishiwa kwamba chumba cha kulala kinatosha.

Lakini Springsteen alipiga mwenyewe kila kilichosikika. Jambo la pili, ambalo vijana wanaliita lupu nami nitaliita mzunguko, lina asili nyingine. Mwaka 1948 huko Paris, fundi wa redio Pierre Schaeffer alicheza na santuri ambayo mfereji wake umefungwa, sindano ikirudi pale pale, sauti ile ile ikijirudia bila kikomo. Sisi tungesema santuri imekwaruzika, tuitupe. Yeye aliiona kuwa ni chombo. Naona fahari kidogo kwamba jambo hili lilianzia redioni. Mwaka 1966 The Beatles walikata vipande vya mkanda, wakaviunganisha ncha kwa ncha viwe pete, wakavizungusha kwenye mashine. Na mwaka 1977 kikatokea kisa ninachokipenda kuliko vyote.

Kundi la Bee Gees lilikuwa Ufaransa likirekodi wimbo Stayin' Alive. Mpiga dramu wao, Dennis Bryon, alilazimika kuondoka kwa sababu za kifamilia. Mafundi hawakumngoja. Walichukua kipande kifupi cha dramu alichokwisha kukipiga kwenye wimbo mwingine, Night Fever, wakakikata, wakakiunganisha kuwa pete ndefu ya mkanda, wakaizungusha mwanzo hadi mwisho wa wimbo mpya. Dunia nzima ilicheza. Na kwenye jalada, mahali pa jina la mpiga dramu, wakaandika kwa mzaha Bernard Lupe. Mtu huyo hakuwahi kuzaliwa. Inasimuliwa kwamba baadaye walikuwapo watu waliomtafuta Bernard Lupe huyo wampe kazi.

Mimi huyaona mambo yote yaliyofuata kuwa ni wajukuu wa Bernard Lupe. Mwaka 1997 Mbelgiji Didier Dambrin alitengeneza programu ya kompyuta iitwayo FruityLoops, ambayo tangu 2003 inaitwa FL Studio. Mwaka uliofuata, 1998, kampuni ya Sonic Foundry ya Wisconsin, Marekani, ilitoa ACID, na hiyo ilikata fundo gumu. Zamani ukiongeza mwendo wa mkanda, sauti nayo ilipanda ikawa ya panya. ACID iliweza kubadili mwendo bila kubadili kimo cha sauti. Kuanzia hapo dramu zilizopigwa pole huko California zingeweza kukimbizwa hapa ziendane na gitaa lako, na besi ya mtu mwingine ikageuzwa ifuate ufunguo wa wimbo wako. Vikaanza kuuzwa visahani vilivyojaa mizunguko, maelfu kwa maelfu. Mwaka 2007 Rihanna alitikisa dunia kwa wimbo Umbrella, na mdundo wake wa dramu ulitoka kwenye mizunguko ya bure inayokuja na programu ya GarageBand ya kampuni ya Apple.

Kwetu programu hizi zilikuta uwanja mtupu. Miaka ya 1990 vijana waliokuwa wakiimba rapu, tangu Saleh Jabri alipotoa rapu ya Kiswahili mwaka 1991, hawakuwa na bendi wala vyombo. Vyombo vilikuwa vya bendi za dansi, na bendi zilikuwa za mashirika ya umma na wenye mabaa. Kijana alipokwenda studio ya Mawingu kwa Bonny Luv, au baadaye kwa Master Jay au P-Funk, alihitaji kinanda na kompyuta tu. Bila mashine hizo tusingekuwa na bongo fleva, na anayezidharau anadharau ajira za watoto wetu. Tukiri pia, bila kutafuna maneno, kwamba programu nyingi zilizoingia mitaani zilikuwa nakala zisizolipiwa. Mbelgiji alitusaidia bila kujua.

Waliokwenda mbali zaidi sasa ni hawa wa singeli. Kwenye studio ya Sisso, Mburahati, walichukua vipande vya taarabu, wakavizungusha kwa kasi ambayo mpiga dramu wa nyama na damu asingeiweza hata kwa dakika mbili, na mwaka 2017 albamu yao ya mkusanyiko, Sounds of Sisso, ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kampala hiyo hiyo ndiko Wakenya wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoka kwenye bendi za roki nzito za Nairobi, walikotengenezea kazi yao kwa jina la Duma, iliyotoka mwaka 2020. Gitaa lipo, ukelele upo, dramu zote ni za kompyuta. Zinapiga kama mvua ya mawe juu ya bati. Sikupenda mara ya kwanza. Mara ya tatu nikaelewa kwamba hawakuiga mpiga dramu. Walikitafuta kile ambacho yeye hawezi. Hiyo ni heshima ya namna yake.

Basi turudi Kashai. Nilipata kukaa jioni moja katika chumba cha kijana mmoja anayetengeneza roki, tena kwa Kiswahili. Ana gitaa la umeme, kisanduku kidogo cha kuliunganisha na kompyuta, na hedifoni zilizofungwa gundi. Alifungua ghala lake la mizunguko akachagua dramu. Mapigo 120 kwa dakika. Nikapiga hesabu pale pale: kipimo kimoja cha mapigo manne ni sekunde mbili; mzunguko wa vipimo viwili ni sekunde nne; wimbo wa dakika tatu utaurudia mara 45. Mara 45 pigo lile lile, kwa nguvu ile ile, na fimbo ikitua mahali pale pale, hata nywele moja isipishane.

Hakuwa mvivu, na ningependa wazazi wanaowaita vijana hawa wavivu waje wamtazame. Gitaa la kusindikiza alilirekodi mara mbili, kwa mkono wake, akaliweka moja sikio la kushoto na jingine la kulia, kwa maana tofauti ndogo ndogo za mikono ndizo zinazoufanya ukuta wa sauti uonekane mpana. Alikata sauti za chini kwenye gitaa ili besi ipate pa kukaa. Alipomaliza hakuziamini hedifoni zake. Aliusikiliza wimbo kwenye simu, kisha kwenye spika ya jirani, akagundua besi inanguruma kupita kiasi. Vispika vya kompyuta haviwezi kuitoa besi ya chini, kwa hiyo mtu huiongeza asiposikia, na kule kwenye spika kubwa mambo yanaharibika. Akapunguza. Umeme ukakatika. Ukarudi. Akaanza tena pale alipokuwa amehifadhi mara ya mwisho, ambapo hapakuwa karibu.

Nikamwuliza: dramu hizi kapiga nani? Akacheka. Hajui. Mahali pa jina pameandikwa namba.

Nikamwuliza pia kwa nini katika ghala lote lile hakuna ngoma hata moja ya huku kwetu. Akanionyesha kitu ambacho sikukitegemea. Programu yake ikifunguliwa huja na safu ya vijisanduku 16, na kila kisanduku ni nafasi ya pigo. Kumi na sita hugawanyika kwa nne vizuri kabisa. Ngoma nyingi za pande zetu huhesabika kwa tatu na sita, mbili na tatu zikivutana ndani ya mwendo mmoja. Inawezekana kubadili vijisanduku, lakini lazima ujue, na lazima utake. Anayeanza huchukua alichoandaliwa. Ndivyo meza inavyomchagulia mgeni chakula.

Wala asije mtu akasema mzunguko wenyewe ni ugeni. Wahaya wana enanga, ubao uliochimbwa na kutandazwa nyuzi juu yake, ambao mwimbaji huupiga akisimulia habari za mashujaa na watawala wa kale. Profesa Mulokozi alizirekodi tendi hizo kwa waimbaji wenyewe akaziandikia tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Sikiliza mkono wa mpiga enanga: ni kifungu kifupi cha nyuzi kinachorudiwa na kurudiwa, saa nzima ikibidi. Ni mzunguko. Tofauti ni kwamba kila kinaporudi kimesogea kidogo, kimeinama kulifuata neno, kimeharakishwa vita vinapokaribia, kimetulizwa mtu anapokufa. Kinarudi kama mtu anavyorudi nyumbani jioni: ni yule yule, lakini ametoka mahali.

Na Kagera tumekwisha kuona jinsi ngoma zetu zinavyoweza kusafiri. Saida Karoli alipotoka na Maria Salome mwaka 2001, nchi nzima iliimba Kihaya bila kukielewa. Miaka 15 baadaye, 2016, Diamond Platnumz na Rayvanny waliuchukua wimbo huo wakautengeneza upya kwa mitambo ya kisasa, ukatikisa tena, na vijana waliozaliwa baada ya ule wa kwanza wakadhani ni mpya. Wimbo una mwenyewe anayejulikana. Ngoma nyuma ya wimbo je?

Hapo ndipo pananiumiza kichwa. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na tuna COSOTA. Mtunzi analindwa. Anayepiga chombo naye anatajwa. Lakini mzee wa Muleba akipiga ngoma yake dakika mbili, kijana akaikata sekunde nne, akaipeleka kwenye ghala la mizunguko mtandaoni, watu wa Berlin na Lagos wakaitumia, mzee atalipwa na nani? Atajulikana kwa jina gani? Kuna wanaosema basi tusirekodi, tutaibiwa. Mimi siafiki hata kidogo. Kisichorekodiwa hakiibiwi, ni kweli, ila hufa na mwenyewe, na wazee wenye mikono hiyo wanapungua kila msimu. Mikanda ya RTD ilinusurika kwa sababu kuna watu walioiandika: jina la bendi, la wimbo, tarehe. Tungeiga angalau hilo. Kuandika jina la mzee kwenye faili, na kijiji chake na tarehe, na kumpa chochote mkononi kabla ya kuaga, havihitaji sheria mpya wala programu ya Mbelgiji.

Yule kijana wa Kashai, nadhani kwa sababu nilimchokoza mno, alipanda basi siku moja akaenda Muleba kwa mjomba wa mama yake, ambaye zamani alipiga ngoma harusini. Alirekodi kwa simu, ndani ya nyumba, mlango umefungwa, jogoo akisikika kwa mbali. Alipoifungua kwenye kompyuta alikuta tatizo ambalo mizunguko ya ghalani haina. Mzee alianza kwenye mapigo 112 kwa dakika, na alipochangamka akafika 118. Programu ina kitufe cha kunyoosha hali hiyo. Ukikibonyeza kila pigo linaburutwa hadi kwenye mstari wake. Alikibonyeza, akasikiliza, akakibatilisha. Alisema mzee alikuwa ametoka chumbani.

Tulipoonana mara ya mwisho alikuwa amefuta gitaa lake lote, yale ya kushoto na ya kulia, akilirekodi upya kwa kumfuata mzee pale anapopanda. Faili ameliita Mjomba Muleba. Kazi ni ngumu, anasema, kwa kuwa hakuna mstari wa kumwongoza, na kila mara anapofika katikati ya wimbo mzee anakuwa amekwisha kumtangulia.